Barua kwa mwanangu aliyeuliza kama amechelewa

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Nimeona nikujibu kwa barua, maana kwa simu ungenikatiza kabla sijafika nusu. Umeniuliza: "Baba, mwezi ujao natimiza miaka 31. Nikianza mbio za pikipiki sasa, si nitachekwa? Naona wanaoshinda ni watoto watupu."

Kuchekwa hutachekwa. Ila kuchelewa kuna namna mbili, na wewe umezichanganya.

Ubingwa wa dunia sahau, tulimalize hilo mapema. Marc Márquez alitwaa taji la MotoGP, daraja la juu kabisa la mbio za pikipiki duniani, mwaka 2013, msimu wake wa kwanza katika daraja hilo, akiwa na miaka 20. Rekodi ya bingwa mdogo kuliko wote wa daraja hilo, ya Freddie Spencer, ilikuwa imekaa tangu 1983. Watu walishangaa udogo wake, lakini kijana yule alikuwa amekulia juu ya pikipiki. Kufika 20 alikuwa mzee wa kazi. Hawa wote ndivyo walivyo. Loris Capirossi alikuwa bingwa wa 125cc mwaka 1990 akiwa na miaka 17 na siku 165. Mwaka 2021 Pedro Acosta akawa bingwa wa Moto3, daraja la chini la pikipiki ndogo, akiwa na miaka 17 na siku 166. Rekodi ya bingwa mdogo wa daraja lolote ikamponyoka kwa siku moja!

Na yupo Jorge Lorenzo, ambaye kisa chake ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 2002, uwanja wa Jerez, Hispania, sheria ya kuingia mbio za dunia ilitaka mtu awe na miaka 15. Siku yake ya kuzaliwa iliangukia Jumamosi ya mashindano. Basi Ijumaa wenzake wakafanya mazoezi, yeye kakaa anawasikiliza wakipita, suti ipo, pikipiki ipo, miaka haijatimia. Jumamosi akaamka na 15 zake, akaingia njiani.

Unaona basi kwa nini nasema sahau. Hao wakati wewe unajifunza kufunga kamba za viatu walikuwa wanajifunza kufunga breki kabla ya kona.

Lakini usiwaonee wivu sana. Can Öncü alishinda mbio zake za kwanza kabisa za Grand Prix, yaani za ubingwa wa dunia, Valencia 2018, njia imelowa, akiwa na miaka 15 na siku 115. Hakuna mdogo kuliko yeye aliyewahi kushinda. Mwaka uliofuata alihangaika, pointi akazipata kwa tabu, mwishowe akahamia Supersport, mbio za pikipiki zinazotokana na zile za madukani. Ushindi wa mapema haukumpa haki ya ushindi wa pili.

Kuna na upande ambao sipendi kuuandika. Mwaka 2021, Mei, Jason Dupasquier alifariki baada ya ajali ya Mugello, ana miaka 19. Julai, Hugo Millán, Aragón, miaka 14. Septemba, Dean Berta Viñales, Jerez, miaka 15. Hizo pikipiki za vijana injini zake ni ndogo na zinafanana nguvu, kwa hiyo hakuna anayeweza kumkimbia mwenzake. Kila mmoja anajificha kwenye upepo wa aliye mbele, anachomoka mwisho wa mnyoofu, na pikipiki ishirini zinaingia kona moja zimebanana kama samaki kwenye tenga. Wa mbele akianguka, wa nyuma hana pa kupita. Mwendo wenyewe si mkubwa kama wa wakubwa. Kinachoua ni ule msongamano.

Baada ya hapo shirikisho la kimataifa, FIM, likapandisha umri. Tangu 2023 kuingia Grand Prix ni miaka 18, isipokuwa wachache waliofanya vizuri katika mashindano ya vijana, nao hupokelewa wakiwa na 17. Wapo waliolalamika kwamba vipaji vitapotea. Mimi sikulalamika. Mtoto wa miaka 14 hawezi kusaini mkataba wa nyumba, sijui ni nani aliyeona anaweza kukubali kufa.

Sasa nikupe upande wako.

Mlango wa chini wa umri una sheria na askari. Ule wa juu, kwa kweli, kila mtu hujifungia mwenyewe. Hermann Paul Müller alikuwa bingwa wa dunia wa 250cc mwaka 1955 akiwa na miaka 45. Arthur Wheeler alishinda Grand Prix ya Argentina mwaka 1962, miaka 46. Utaniambia hiyo ni zamani, vita vilikuwa vimewala vijana na vimewachelewesha wengine, na ni kweli. Basi njoo karibu. Valentino Rossi alishinda Assen 2017 akiwa na 38, akastaafu 2021 akiwa na 42. Max Biaggi alichukua ubingwa wa dunia wa Superbike, pikipiki za madukani zilizo kubwa zaidi, 2012 akiwa na 41. Márquez huyohuyo wa miaka 20 alivunjika mkono Jerez 2020, akapasuliwa mara nne, watu wakamzika akiwa hai, halafu 2025 akawa bingwa tena akiwa na miaka 32. Huo ni mwaka mmoja tu zaidi ya wako.

Na katika kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ayalandi, ambako njia ni barabara za kawaida za watu, kilomita 60 kwa mzunguko, kuta na nguzo pembeni, umri ni kama mtaji. Kule mshindi ni yule anayejua kila kona kabla hajaiona, na kona ni zaidi ya mia mbili. Joey Dunlop alishinda mara tatu katika wiki moja ya Juni 2000, akiwa na miaka 48. Mwezi uliofuata alikufa katika mbio za Tallinn, Estonia. Nimeweka sentensi hizo mbili pamoja makusudi, usije ukaisoma ya kwanza peke yake.

Anayefanana nawe zaidi ni Troy Bayliss. Alikuwa mpiga rangi wa magari, akaanza mbio za lami akiwa ameshavuka miaka 20, umri ambao Wahispania kama kina Márquez na Lorenzo wanaanza kuulizana kama wameisha. Akachukua ubingwa wa Superbike mara tatu, wa mwisho mwaka 2008 akiwa na 39. Si kwamba nawe utafanya hivyo. Ila ukisikia mtu anasema asiyeanza akiwa na miaka minne hawezi kitu, mtajie jina hilo.

Mimi niliacha nikiwa na 38, hilo unalijua. Usilolijua ni namna. Nilikuwa katika mzunguko wa sita, nikaanza kuhisi kigasha cha mkono wa kulia kinajaa, kikawa kigumu kama gogo. Vidole vikafa ganzi. Nikawa naikamata breki bila kujua nimeikamata kiasi gani, naangalia tu vidole kama vya mtu mwingine. Vijana nao huupata ugonjwa huo, tena wengi hupasuliwa wakarudi baada ya wiki chache. Kilichonitoa mimi kilikuja sekunde kumi baadaye, nilipoanguka na kuteleza hadi kwenye kokoto. Zamani nilikuwa nikianguka naamka natafuta pikipiki. Siku ile nililala pale, natazama juu, nikawaza ada yako ya shule. Mtulinga uliovunjika ulichukua miezi minne kupona. Nilipokuwa na 19 mfupa huohuo, wa upande wa pili, ulinichukua wiki sita.

Kwa hiyo miaka 31 si tatizo la mwendo. Ni tatizo la kupona, na la mambo unayowaza ukiwa chini.

Ukiamua, anza na siku za mafunzo ya uwanjani, si mbio, na mlipe mtu akufundishe macho yaangalie wapi. Usinunue pikipiki ya 1000cc. Najua umeshaitamani. Chukua ndogo, ya 300 au 400, ikufundishe kuhifadhi mwendo kwenye kona badala ya kuutegemea mkono wa mafuta. Kule Moto3 huwapima mtu na pikipiki yake pamoja, wasipungue kilo 152. Wewe peke yako una 84, kwa hiyo kijana wa kilo 55 atakuacha kwenye mnyoofu na hutaweza kufanya lolote. Mwache aende. Kitakachokuudhi ni atakapokupita kwa ndani ya kona, huku anakuangalia. Nacho utakizoea.

Mapumziko yapange kama unavyopanga mazoezi. Ukiumia mkono Jumapili, Jumatatu usiende kazini kujifanya mzima.

Suti yangu ya ngozi ipo sandukuni, nimeipaka mafuta wiki iliyopita, na mabega yetu ni mamoja. Kiuno utakirekebisha. Ina alama ya kokoto kwenye nyonga, usiishone upya, haijatoboka. Lakini helmeti yangu usiiguse. Sponji lake limekufa, na imeshapiga chini mara mbili. Nimeiacha kwa ajili ya ukumbusho tu. Mpya nitakununulia mimi. Zungusha uzi kichwani, juu kidogo ya nyusi, nyuma upite pale panapotokeza zaidi, kisha unitumie sentimita zake. Pima mara mbili.

Mama yako utamwambia mwenyewe.

Baba yako