Kaka yako asisaini leo: kwa aliyeuliza kuhusu kupunguzwa kazi viwanda vya ndege, Washington

Mkuu mleta mada, umesema kaka yako yupo Everett, jimbo la Washington, kampuni ndogo inayotengeneza vipuri vya Boeing. Kaitwa ofisini, kapewa barua ya kupunguzwa na karatasi ya kusaini ili apate kiinua mgongo. Unauliza asaini au asisaini, na kama aanze kufungasha arudi Bongo. Mimi nipo Kent, kusini ya Seattle, na nilipunguzwa kwenye karakana ya aina hiyohiyo mwishoni mwa 2024. Jina la karakana naliacha.

Kwanza wadau mliojibu kwamba mgomo wa Boeing ndio uliowaponza, punguzeni. Mafundi wa Boeing walio kwenye chama cha wafanyakazi cha IAM, kama 33,000, walianza kugoma 13 Septemba 2024 na wakarudi Novemba na nyongeza ya asilimia 38 kwa miaka minne. Katikati ya mgomo, 11 Oktoba, bosi mpya wa Boeing, Kelly Ortberg, akatangaza kupunguza asilimia 10 ya wafanyakazi, watu kama 17,000. Mgomo uliumiza, sikatai. Ila ugonjwa ni wa zamani. Ajali mbili za ndege ya Boeing 737 MAX zilitangulia, na ile ya pili, ya Ethiopia Machi 2019, iliondoka na watu 157, wakiwemo Wakenya 32. Kisha Januari 2024 kipande cha ubavu wa ndege ya Alaska Airlines kikachomoka angani, na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ikawafungia wasitengeneze zaidi ya MAX 38 kwa mwezi. Sisi wa karakana ndogo tulikuwa tumeajiriwa kwa hesabu ya ndege nyingi zaidi ya hizo. Mkubwa akipunguza kasi, wewe wa chini huna oda, na gazeti halitaandika habari zako.

Mimi nilikuwa upande wa kusugua kingo za vipande vya alumini vikishatoka kwenye mashine. Ilianza kwa kufutwa ovataimu ya Jumamosi. Halafu wale walioletwa na wakala hawakuonekana Jumatatu, na hakuna aliyewaulizia. Baada ya hapo rafu ya kazi zilizokamilika ikajaa: vipande vimefungwa karatasi za kahawia, lebo zimeshagongwa muhuri wa mkaguzi, lori haliji. Msimamizi akatuambia tufagie. Tukafagia. Mchana akatuambia tufagie tena. Hapo wazee wa kazi wakaanza kubeba vifaa vyao kwenda navyo nyumbani, kimya kimya, kila siku boksi moja.

Sasa karatasi. Marekani kuna sheria inaitwa WARN: kampuni yenye wafanyakazi 100 na kuendelea, ikipunguza watu kwa wingi, itoe notisi ya siku 60. Ndiyo maana wa Boeing waliopewa barua Novemba walilipwa mpaka Januari. Sisi hatukufika 100, kwa hiyo tulitoka siku ileile, kadi ya mlangoni imezimwa kabla hatujafika kwenye magari. Tangu Julai 2025 jimbo la Washington lina sheria yake inayoanzia wafanyakazi 50, basi kaka yako ahesabu vizuri walikuwa wangapi kabla ya kukubali kwamba hana haki ya notisi.

Kiinua mgongo si lazima kisheria. Wanakupa ili usaini kwamba hutawashtaki; wananunua ukimya wako. Mshahara wa saa alizokwisha kufanya ni wake, asaini asisaini, na mtu yeyote wa HR anayemwambia vinginevyo anamtisha tu. Kama ana miaka 40 na zaidi na wamepunguzwa kikundi, sheria inampa siku 45 za kuitafakari hiyo karatasi, na akishasaini ana siku 7 za kubadili mawazo. Aende nayo kwa wakili wa kazi. Mawakili wengine wanaisoma mara ya kwanza kwa bei nafuu.

Fao la kukosa ajira aombe wiki hiihii, asingoje kiinua mgongo kiishe. Ni haki ya aliyepunguzwa, na kila wiki ataulizwa ametafuta kazi wapi, kwa hiyo aandike daftarini. Kama ana green card (kibali cha ukaazi wa kudumu), zile hofu za vijiweni kwamba fao hili litamharibia uraia azipuuze. Halihesabiwi kama msaada wa serikali kwa maskini. Bima ya afya ya kazini ikikatika ana siku 60 za kuamua kuiendeleza kwa kulipa mwenyewe. Ni ghali mno. Kama nyumbani hakuna mgonjwa, aulizie kwanza bima ya jimbo.

Kuhusu kurudi Bongo: kama yupo kwa viza ya H-1B, ile ya kazi inayofungwa kwa mwajiri, ana siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine, na hapo haraka inahitajika kweli. Kama siyo, sioni sababu. Wenzangu kadhaa walikimbilia Blue Origin, kampuni ya roketi hapahapa Kent, nayo Februari 2025 ikatangaza kupunguza asilimia 10, kwa hiyo asidhani anga za juu kuna usalama kuliko huku chini. Mimi niliangukia karakana ya vifaa vya hospitali. Kipimo cha vernia ni kilekile, michoro inasomwa vilevile, mshahara umeshuka kidogo ila Jumamosi ni yangu.

Niambie umri wake, viza yake na idadi ya wafanyakazi pale, nitakujibu zaidi. Kama hutaki hadharani, njoo PM.