Viatu vya shule vimebanduka soli, na duka halitaki kuvipokea

SWALI: Shikamoo, Mama. Mimi ni mzazi wa mtoto wa Gredi ya Nne hapa Kisauni. Jumamosi kabla ya shule kufunguliwa nilimnunulia mwanangu viatu vyeusi vya ngozi kwa Sh1,900 katika duka moja la mjini Mombasa. Alivivaa siku tisa tu. Siku ya kumi alirudi nyumbani akiburuta mguu. Kiatu cha kushoto soli imebanduka kuanzia kwenye vidole mpaka katikati, kimeachama kama mdomo wa samaki. Nilipokipeleka dukani, kijana wa kaunta hata hakukishika. Alinionyesha bango ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi." Akaniambia yuko fundi hapo nje, anapiga gundi kwa shilingi mia. Risiti siioni, nadhani niliitupa pamoja na boksi, lakini nililipa kwa M-Pesa. Baba yake asema niachane nao, nisijitafutie maneno na watu. Lakini pesa ile niliipata kwa kuuza mahamri, na mtoto sasa aenda shule na ndara, mwalimu ashamuuliza mara mbili. Nifanyeje?
*Mama wa Kisauni*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, hujaniambia kama kiatu umekipeleka kwa yule fundi. Kama bado, usikipeleke. Kitie mfukoni pamoja na mwenzake, ukitundike mahali pakavu, na mtoto asikivae tena hata kwenda dukani kununua chumvi. Gundi ya shilingi mia ikishaingia pale, ushahidi wako umezikwa. Duka litasema mmekichokonoa wenyewe, na hapo hata mimi sitajua nikutetee vipi.

Nayasema haya kwa sababu nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la viatu miaka 14, humu humu mjini. Maneno ya lile bango nimeyatamka kwa mdomo wangu mara nyingi. Ndivyo tulivyoagizwa. Yuko mzee mmoja ambaye simsahau. Alikuja na mjukuu wake, mtoto miguu mitupu, viatu amevikumbatia kifuani. Soli zote mbili zilikuwa zimetoka, wiki mbili hazijafika. Nikamwonyesha bango. Mzee hakugomba. Alisoma polepole mpaka mwisho, akamshika mtoto mkono, wakatoka. Jioni nilimweleza mwenye duka, naye akanijibu kwamba vile viatu msambazaji angevichukua bila neno, kwani katoni ile nzima ilikuwa na matatizo. Yaani duka lisingepoteza hata senti, na mzee alishaondoka. Tangu siku hiyo nilianza kuuliza sheria yasemaje.

Sheria yasema hivi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo ipo tangu enzi za ukoloni, inachukulia kwamba kila mwenye biashara anapouza kitu ameahidi kuwa kitu hicho kinafaa kwa kazi yake, hata kama hakutamka. Kiatu cha shule kazi yake ni kuvaliwa shuleni muhula kwa muhula. Kikiachama siku ya kumi, ahadi imevunjwa, na mnunuzi anaweza kukikataa na kudai pesa yake. Kisha ikaja Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, ikasema wazi kwamba sharti lolote la muuzaji linalojaribu kuifuta ahadi hiyo ni batili. Kwa hiyo bango lile ni karatasi tu. Linaweza kumzuia mtu aliyebadili mawazo, aliyeona rangi haimpendezi. Wewe uliyeuziwa kitu kibovu halikuhusu.

Usikubali pia kuambiwa nenda kwa mwagizaji au kiwandani. Wewe pesa ulilipa duka, basi wa kukujibu ni duka. Wao na msambazaji watajuana.

Sasa tukitazame kiatu chenyewe, maana hapo ndipo mtu hushinda au hushindwa mabishano. Kipeleke kwenye mwanga wa mlango. Fungua taratibu pale palipoachama, uangalie uso wa ngozi na uso wa soli. Soli ya kubandikwa ili ishike, ngozi hukwaruzwa kwanza mpaka itoe manyoya manyoya, ndipo gundi inapakwa. Ukikuta gundi yote imebaki upande mmoja, kavu, inang'aa kama kioo, na upande wa pili ni safi kama haukuguswa, jua kwamba ngozi haikukwaruzwa vizuri au gundi ilipakwa juu ya vumbi. Hilo ni kosa la kiwandani, na muuzaji yeyote mzoefu analijua kwa kutupia jicho. Lakini ukikuta soli imechanika yenyewe, imeacha vipande vyake kwenye ngozi, huenda mtoto alikwama kwenye waya au alikanyaga pabaya. Na ncha iliyochubuka mpaka rangi imetoka, hiyo ni mipira na mawe ya uwanjani; usiende nayo kama lalamiko, itakuharibia hoja yako nzuri.

Kuna ubovu mwingine ambao sisi watu wa pwani yatupasa tuujue. Ile soli nyepesi, laini kama sponji, nyingi hutengenezwa kwa plastiki iitwayo poliyurethani. Kitu hicho huliwa na unyevu wa hewa polepole, na joto huharakisha. Kiatu kikikaa miaka ghalani Mombasa, kinaharibika kikiwa ndani ya boksi lake. Nimewahi kufungua boksi jipya kabisa, karatasi haijakunjuliwa, nikakibonyeza kiatu kwa kidole gumba, soli ikamong'onyoka mkononi kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Hakuna mguu uliowahi kukiingia. Ukiona soli inatoa chengachenga, hapo hapana swali la mtoto kucheza mpira.

Nenda dukani Jumanne au Jumatano asubuhi. Jumamosi mwenye duka ana watu thelathini, atakufukuza ili amalize. Yule kijana msalimie vizuri, yeye ni mwajiriwa kama nilivyokuwa mimi, halafu omba kumwona mwenye duka au msimamizi. Weka viatu vyote viwili juu ya kaunta, umevipangusa vumbi tu. Sema kwa sauti ya kawaida: "Viatu hivi nilinunua hapa tarehe fulani kwa Sh1,900. Vimevaliwa siku tisa. Soli imebanduka, na gundi haikushika, tazama. Naomba mnirudishie pesa yangu." Halafu nyamaza. Usijaze ukimya kwa kuomba radhi. Tulikuwa tukiwashinda wateja wengi kwa sababu hiyo tu, walianza wenyewe kusema "au basi nipunguzie kidogo".

Atakuuliza kama vililowa, kama mtoto alichezea mpira, kama viliwekwa juani. Mjibu kweli. Mtoto wa Gredi ya Nne hukimbia, na kiatu cha mtoto huuzwa kwa mtu anayejua kwamba mtoto hukimbia.

Kuhusu risiti, usipoteze usingizi. Risiti ni ushahidi mmojawapo, si ushahidi pekee. Ujumbe wako wa M-Pesa una jina la biashara, kiasi, tarehe na saa. Ukiwa umeufuta, piga *334# uombe taarifa ya akaunti yako. Piga picha ya bango, piga picha ya kiatu upande wa chini na pale palipoachama, na nambari iliyochapwa ndani ya ulimi wa kiatu kama ipo. Ndiyo itakayomwonyesha msambazaji ni mzigo gani.

Wanaweza kukupa jozi nyingine badala ya pesa. Ukiipenda, chukua, lakini iwe jozi nzima, na ikiwezekana ya aina nyingine, kwani mara nyingi katoni moja ina ugonjwa mmoja. Ipinde ncha ya kila kiatu hapo hapo, upitishe ukucha kwenye kiungo cha soli kuzunguka chote. Wakikupa karatasi ya kununulia kitu kingine siku nyingine, hulazimiki kuipokea kwa kiatu kibovu. Na wakitaka kukitengeneza wenyewe, waulize ni siku ngapi na mtoto atavaa nini siku hizo.

Usikawie tu. Sheria haitaji idadi ya siku, inasema muda wa kiasi, na anayekaa na kiatu miezi mitatu anaweza kuhesabiwa kwamba amekikubali. Hapo atabaki na dai la fidia, lakini kukirudisha kumempita. Nenda wiki hii.

Wakikataa, rudi nyumbani uandike barua ya nusu ukurasa: ulinunua nini, lini, kimetokea nini, unataka nini, na uwape siku saba. Toa nakala, ya kwako waigonge muhuri au waitie sahihi. Wakigoma kuipokea, itume kwa WhatsApp ya duka, ile wanayotangazia bidhaa. Katika miaka yangu yote barua zilizotufikia hazikuzidi vidole vya mkono mmoja, na kila moja ililipwa. Mwenye duka akiona karatasi hujua kwamba huyu ameamua.

Baada ya hapo iko Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, inayopokea malalamiko ya wanunuzi, na unaweza kuandika bila kusafiri. Iko pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, kwa madai yasiyozidi Sh1,000,000. Unajisimamia mwenyewe bila wakili, na hukumu inapaswa kutolewa ndani ya siku 60. Kwa Sh1,900 sitarajii ufike huko. Lakini itaje kwenye barua, maana ni haki yako kweli, si vitisho.

Na baba watoto mwambie hivi: Sh1,900 ni mahamri mangapi? Wewe wajua. Uliamka alfajiri kuyakanda.

SWALI: Nilinunua viatu vya mtoto vya mitumba Kongowea, Sh450, na baada ya siku nne kisigino kimefunguka. Naweza kuvirudisha?
*Msomaji, Nyali*

JIBU: Hapa mkono wako ni mfupi. Sheria ile ile ya Sura ya 31 yasema kwamba ukikikagua kitu kabla ya kununua, hutadai kwa kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona. Mitumba wote twanunua kwa kukagua, na bei yake ndiyo hiyo. Mwendee muuzaji kwa lugha nzuri. Wengi hukubali kukubadilishia wakikutambua kuwa mteja wao. Safari nyingine kikunje kiatu mpaka ncha ikaribie kisigino, usikilize. Kikilia kama jani kavu, kirudishe kwenye rundo. Kwa kasoro ya kisigino kimoja tu, fundi mwenye sindano na uzi wa nailoni atakupa kazi itakayodumu kuliko gundi.

SWALI: Mama, nimemnunulia binti yangu sandali za Idi kwa muuzaji wa kwenye simu. Zimekuja na basi hadi Malindi, moja namba 31, nyingine 32. Muuzaji asoma ujumbe wangu na hajibu. Nimeambiwa niombe M-Pesa wairudishe ile pesa, kama kwamba nilikosea namba.
*Baba wa Malindi*

JIBU: Ile huduma ya kurudisha pesa iliwekwa kwa mtu aliyekosea namba. Wewe hukukosea namba, uliuziwa vibaya, na hayo ni mambo mawili. Ukidanganya kwamba ulikosea utajiweka wewe pabaya.

Weka sandali mbili pamoja, soli juu, namba zionekane, upige picha moja. Iongezee picha ya mfuko wenye jina lako na stakabadhi ya basi. Zitume zote kwa ujumbe mmoja, useme unataka jozi sahihi au pesa kufikia siku fulani, na nauli ya kurudisha ni juu yake kwa sababu kosa ni lake. Namba mbili tofauti ni kosa ambalo hakuna awezaye kulibishia, na huenda iko familia nyingine yenye mwenzake wa jozi yako, inayomwandikia muuzaji huyo huyo. Muulize hilo. Mara nyingi ndivyo ilivyokuwa dukani kwetu: mtu alifunga haraka siku ya pilikapilika, na ile jozi ya pili ilipatikana kwa mteja wa jana yake.

Akinyamaza mpaka siku uliyompa ipite, andikia Mamlaka ya Ushindani, uambatishe picha, mazungumzo yenu na ujumbe wa malipo. Sandali usizitumie, na usimpe mtoto hata kwa kujaribu uani, mpaka jambo hili liishe.