Kaka na waragi

Swali: Shangazi, shikamoo. Kaka yangu hapa Arua anakunywa waragi tangu alfajiri. Baba anataka tumfungie chumbani mpaka pombe imtoke. Itasaidia?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Baba aweke kufuli chini. Mnywaji wa kila siku akikatizwa ghafla hutetemeka, hutokwa jasho jingi, na siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege, wengine hufa. Hospitalini hupewa diazepamu, dawa ya kutuliza, na vitamini B1, huku akiangaliwa usiku kucha. Anzeni Hospitali ya Rufaa ya Arua, idara ya afya ya akili. Ikibidi, watampeleka Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili kule Kampala, penye wodi ya walevi na watumiaji wa dawa za kulevya. Majirani watasema kaenda kwa wendawazimu. Waseme! Kabla hamjafika, msimnyang'anye chupa kwa nguvu.