Re: Programu yangu ya bei za zabibu imenakiliwa, nianzie wapi?

Pole sana ndugu. Umeuliza kama unaweza kushtaki wakati programu yako hukuisajili popote. Unaweza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inalinda programu za kompyuta, na haki inaanza pale tu unapoiandika. BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ni kwa alama za biashara na hataza (haki za uvumbuzi), usipoteze muda huko kwa hili.

Kazi ngumu ni ushahidi. Wakili atakachotafuta kwanza si skrini zinazofanana, maana aliyenakili atasema wazo ni la wote, na kweli wazo halilindwi. Tafuta makosa yako ndani ya msimbo wao, yaani maandishi yanayounda programu yao. Kama uliandika "mnzunguko" badala ya "mzunguko" na wao wanalo vilevile, mstari uleule, hapo wana maswali ya kujibu. Tunza historia ya msimbo yenye tarehe, usiihamishe hovyo: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime jinsi data ilivyotunzwa.

Lakini kabla ya yote, soma mkataba wako na yule mnunuzi wa Hombolo uliyemtaja kwenye swali lako. Kama ulimwachia haki zote, tunazungumza kesi nyingine kabisa. Na tafadhali, usimtumie aliyenakili vitisho WhatsApp; barua ya madai iandikwe na wakili.