Nilichojifunza kwa Meja Dick Hern baada ya goti langu kuvunjika

Goti langu la kushoto lilivunjwa na dume la miaka miwili alfajiri moja, nikimkaza ukanda wa tumbo huku simu nimeibana kwa bega. Farasi hakuwa na kosa. Daktari alipotamka kwamba kupanda tena nisahau, nilichowaza kwanza ni nauli ya kurudi nyumbani. Nimekuwa saisi, mtunza farasi wa mbio, tangu nina miaka 17, kwanza mabanda ya Ngong, Nairobi, baadaye huku Ghuba. Kazi nyingine sikuijua.

Kwenye chumba cha matandiko tulikuwa na picha ya farasi Nashwan, jokei juu yake amevaa buluu yenye mabega meupe, rangi za mwenye farasi, Sheikh Hamdan Al Maktoum. Miaka yote nilikuwa naipita kama kalenda ya mwaka jana. Siku moja nimekaa chini yake na magongo yangu, saisi mzee akaniuliza kama namjua aliyemfundisha farasi yule. Sikumjua. Akaniambia: "Alikuwa hawezi hata kusimama."

Basi nikamtafuta. Dick Hern alizaliwa Somerset, Uingereza, mwaka 1921. Vita vya Pili vya Dunia alipigana Afrika Kaskazini na Italia katika North Irish Horse, kikosi cha wapanda farasi ambacho farasi kilibaki nao kwenye jina tu. Walishuka kwenye farasi wakapanda vifaru. (Kwa Kiswahili sentensi hiyo inachekesha, lakini ndivyo ilivyokuwa.) Vita vilipokwisha akawa mwalimu wa kupanda farasi huko Porlock Vale, na ni baada ya miaka kadhaa ya kufundisha watu ndipo akaingia kwenye mbio. Kuanzia mwishoni mwa 1962 alikuwa akifundisha farasi wa mbio kwenye mabanda ya West Ilsley. Farasi wake Brigadier Gerard alikimbia mara 18 akashinda 17. Farasi wake mwingine, Troy, akachukua mbio za Derby ya Epsom mwaka 1979, na Henbit mwaka uliofuata.

Desemba 1984 akaanguka kwenye msafara wa kuwinda, akavunjika shingo. Tangu hapo ni kiti cha magurudumu. Mwaka 1988 moyo nao ukasumbua, akafanyiwa upasuaji, na mkataba wa mabanda yale haukuongezwa. Msimu huohuo msaidizi wake, Neil Graham, akasimamia mazoezi, na farasi wao Minster Son akashinda mbio za St Leger. Mwaka 1989 Hern amerudi: Nashwan akabeba mbio kubwa nne, 2000 Guineas, Derby, Eclipse na King George, zote msimu mmoja.

Wengi husimulia habari hii kama habari ya ushujaa. Mimi saisi naiona kwingine. Yule bwana alikuwa mwalimu wa watu kabla ya kuwa mwalimu wa farasi. Alishazoea kusimama katikati ya uwanja na kumweleza mtu mwingine, kwa maneno, afanye nini na mikono yake. Shingo ilipovunjika, sehemu hiyo ya kazi ilibaki nzima.

Mimi sikuwa na maneno. Miaka 20 nilikuwa naamka, napitisha kiganja mguuni, najua. Nikiulizwa nimejuaje, nasema "nimehisi tu." Hapo ndipo ushauri wangu ulipo, ndugu yangu saisi, na hata wewe fundi wa pikipiki au mpishi: anza kuieleza kazi yako ungali mzima. Usingoje magongo.

Nilianza na kijana mmoja mgeni. Kila alfajiri nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, yeye anaingia bandani, mimi nasema. Kwanza hori: amebakisha chakula? Kisha anavyosimama. Farasi akipumzisha mguu wa nyuma, mwache, ndivyo anavyosinzia. Akiunyoosha wa mbele na kuukwepesha uzito, hapo kuna jambo. Mtembeze akija kwako, tazama kichwa: mguu wa mbele wenye maumivu ukigusa ardhi, kichwa hupanda juu. Shika miguu miwili pamoja, maana joto hulijui mpaka ulilinganishe na ubaridi wa upande wa pili. Wiki za kwanza nilikuwa namfokea, kwa sababu maneno yangu yenyewe yalikuwa mabovu. "Hapo, hapo!" Hapo wapi? Ikabidi nijifunze kusema "vidole vinne chini ya goti, upande wa ndani."

Na mlipwe kwa hilo. Nilimwendea msimamizi na daftari la mwezi mzima, nimeandika kila tulichokiona mapema, kabla sijaomba kubaki. Usiende kuomba huruma; huruma huisha mwisho wa mwezi. Mimi sasa naitwa kiongozi wa banda, na mshahara umepanda kidogo. Kidogo sana, lakini umepanda.

Simu sasa inabaki kwenye sanduku la brashi.

Juzi kijana ameniita kabla sijafika kwenye ndoo yangu. "Mzee, yule jike wa pembeni amenyoosha wa kulia." Nikamwambia ashike. Akashika yote miwili, akanyamaza, akarudia.

"Kwato ina joto. Ya kulia tu."

Tukamwita fundi wa kwato kabla ya chai.