Maswali ya wavuvi: upepo ukiwa mkali

Safari hii maswali mengi yamekuja kuhusu upepo. Nimechagua sita. Mengine majibu yake ni mafupi, ila lile la pili nimelijibu kwa kirefu, kwa sababu ndilo linalowapoteza hata wavuvi wazoefu.

Utabiri unasema upepo wa kilomita 25 kwa saa. Mashua yangu ina urefu wa mita 5 na mashine ndogo. Nitoke au nibaki?

Kaka, hiyo 25 kwa kawaida ni wastani. Ndani yake mna dharuba, yaani mivumo mikali ya ghafla, na dharuba huupita wastani kwa theluthi, pengine hata nusu. Kwa hiyo jiandae kwa 35. Halafu kuna hesabu ambayo watu hawaifanyi: upepo ukiongezeka kasi mara 2, msukumo wake huongezeka mara 4. Kutoka 25 hadi 35 tu, msukumo unakaribia kuwa maradufu. Ndiyo maana chombo kilichokuwa kinakwenda vizuri kinaweza kubadilika tabia ghafla, na nahodha asielewe kimempata nini.

Yatazame maji pia. Mwaka 1805, Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, alipanga ngazi za upepo ambazo mabaharia wanazitumia hadi leo, kuanzia 0 hadi 12. Ukiona vichwa vyeupe vya mawimbi hapa kimoja, pale kimoja, uko ngazi ya 3. Vikiwa vingi kila unapogeuza macho, ni ya 4, yaani kilomita 20 hadi 28 kwa saa. Mawimbi yakianza kurefuka na matone kukurukia usoni, umefika ya 5, na kuanzia kilomita 39 ni ya 6: mawimbi makubwa, povu kila mahali.

Kwa mashua yako, ngazi ya 4 ningetoka kama mashine ni nzima, tuko wawili na hatuendi mbali. Ya 5 nisingetoka, hata kama wenzangu wote wameshasukuma vyombo majini.

Asubuhi maji yalikuwa shwari kabisa, tukatoka kwa raha. Kurudi tulilowa chepechepe na nusura tuzame. Utabiri haukubadilika. Tulikosea wapi?

Upepo ulikuwa unatoka nchi kavu kwenda majini. Huu ndio unaodanganya kuliko pepo zote. Wimbi hukua kwa mambo matatu: kasi ya upepo, muda uliovuma, na urefu wa maji wazi ulioyapitia. Pale ufukoni upepo wa nchi kavu ndiyo kwanza unayagusa maji, wimbi halijapata nafasi ya kukua. Kila unaposogea mbele linakua, nawe hulioni vizuri kwa sababu linakwenda upande uleule unaokwenda wewe. Unapogeuza gubeti, yaani pua ya chombo, kurudi ndipo unapokutana nalo.

Nilijifunza hilo nikiwa kijana, pamoja na mjomba wangu. Maji ya ufukoni yalikuwa yametulia hadi tuliona mchanga chini. Tulitazama maji, hakuna aliyegeuka nyuma kuitazama miti: vilele vyote vilikuwa vimelala kuelekea baharini. Kwenda tulitumia dakika 20, kurudi tukatumia zaidi ya saa mbili. Mimi nilikuwa nakumba maji kwa dumu lililokatwa, na ukingo wake ulinichubua kidole hadi damu, ila sikuthubutu kuacha. Mjomba hakusema neno. Alikuwa ameikodolea macho rasi iliyokuwa ubavuni mwetu, penye mti na mwamba nyuma yake. Mti ukiteleza mbele ya mwamba, tunasonga. Usipoteleza, mashine inalia bure na tumesimama palepale. Kuna kipindi kirefu haukuteleza.

Tangu siku hiyo naupima upepo kwa safari ya kurudi. Anza safari yako kwa kwenda joshi, yaani kule upepo unakotoka, wakati una nguvu na mafuta tele. Ukichoka, upepo ukurudishe. Kama upepo unatoka nchi kavu, vua karibu na ufuko, umbali ambao ungeweza kuurudi kwa kasia mashine ikigoma. Mwenye mtumbwi mdogo au boti ya kujazwa upepo asitoke kabisa siku hiyo. Chombo chepesi hivyo hupeperushwa kuliko mtu anavyoweza kupiga kasia.

Na ulizia mkondo. Upepo na mkondo vikifuatana, maji huonekana mapole. Mkondo ukigeuka vikapingana, mawimbi yaleyale husimama wima na kukaribiana, na upepo haujaongezeka hata kidogo. Huenda na hili liliwakuta.

Ni saa ngapi upepo huwa mdogo?

Kama hakuna tufani au mfumo mkubwa wa hewa unaopita, ni alfajiri hadi kama saa 3 asubuhi. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda juu, na hewa ya baridi kutoka majini huja kujaza nafasi. Mchana ndipo huvuma zaidi, halafu hupungua jua likizama. Toka mapema, rudi kabla ya adhuhuri.

Mimi navua ukingoni kwa fimbo. Upepo ukinijia usoni mshipi unarudi na kujisokota. Nihamie upande mwingine?

Usihame haraka, dada. Upepo unaokupiga usoni unasukuma maji ya juu pamoja na wadudu na vijidudu vya majini kuja upande wako. Samaki wadogo hukifuata chakula hicho, na wakubwa huwafuata wadogo. Maji yaliyochafuka kidogo huwapunguzia mwanga, wakawa na ujasiri wa kusogea karibu. Mara nyingi huhitaji kurusha mbali, wako mbele ya miguu yako.

Ukirusha, rusha chini kwa ubavu, chubwi, yaani uzito unaozamisha mshipi, isipande angani. Tumia mshipi mwembamba kadiri samaki unaowalenga wanavyoruhusu, maana upepo hushika unene. Chubwi iwe nzito na ndogo, na chambo kisiwe kipana kama bawa. Zuia mshipi kwa kidole kabla chubwi haijagusa maji. Mshipi unaoendelea kutoka wakati chubwi imeshatua ndio unaojisokota. Mara tu baada ya kutua, ingiza ncha ya fimbo majini na zungusha mara chache mshipi uzame. Ukiubakiza juu utafanya tumbo, na samaki akigusa hutasikia kitu.

Kuna jambo moja nakuomba ulichukulie kwa uzito. Upepo ukitokea upande wa mkono unaorushia, ndoana hupita karibu na sikio na jicho lako. Geuka, au rusha juu ya bega la pili. Na vaa miwani siku zote za upepo. Nimeona ndoana iliyozama kwenye kope, sitaki kuiona tena.

Nanga yangu inaburuzika upepo ukizidi. Ninunue nzito zaidi?

Kabla ya kununua chochote, pima kamba yako. Nanga hushika inapovutwa kwa ulalo. Ikivutwa kwenda juu inang'oka, hata iwe nzito namna gani. Chukua kina cha maji, ongeza kimo cha gubeti kutoka usawa wa maji, zidisha mara 5 hali ikiwa nzuri, mara 7 upepo ukiwa mkali. Kina cha mita 6 na gubeti la mita 1 ni mita 7. Mara 7 ni mita 49. Wengi wanaolalamika kuhusu nanga wana kamba ya mita 20. Ukiweka na mnyororo wa mita chache mwishoni, uzito wake utailaza kamba chini.

Kamba ifungwe mbele, kwenye gubeti. Usiifunge tezi, yaani nyuma ya chombo, hata kwa dakika tano, hata kama samaki wako nyuma. Tezi iko chini, imebeba mashine, na ni bapa: wimbi halipasuki pale, linaingia. Na kisu kiwe karibu na fundo, pasipo vitu juu yake.

Wingu jeusi likitukuta tukiwa mbali, tufanye nini?

Ukisikia ubaridi wa ghafla kutoka upande wa wingu, una dakika chache tu. Ile ni hewa inayoporomoka kutoka wingu lenyewe, na hutangulia mvua. Vuteni mishipi. Kila mtu avae jaketi la kuokolea, kama alikuwa amelikalia. Kaeni chini kabisa, si juu ya mbao. Elekeza gubeti kwenye upepo, mashine mwendo mdogo wa kukushikilia tu. Usijaribu kushindana na wingu kukimbilia ufukoni ubavu ukiwa wazi kwa mawimbi.

Mashine ikizima, funga ndoo kwa kamba ndefu uitupe kutoka gubetini. Itajaa maji na kuwa kama breki, na gubeti litageukia upepo lenyewe. Radi ikianza, hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, laza fimbo zote, hasa za kaboni, kwani zinapitisha umeme.

Chombo kikipinduka, shikeni chombo. Ufuko huonekana karibu kuliko ulivyo, na anayetafuta kutoka mbali huona chombo kabla ya kuona kichwa cha mtu. Ila ili mtafutwe, lazima awepo mtu nchi kavu anayejua mlielekea wapi na mlipaswa kurudi saa ngapi. Mwambieni kabla ya kufungua kamba, naye aandike.