Kwa nini wingu hukaa juu ya Unguja tu, bahari ikiwa wazi?

Ni joto la ardhi. Nchi kavu hupata moto haraka kuliko maji, hivyo kuanzia kama saa nne asubuhi hewa juu ya kisiwa hupanda, upepo wa bahari huingia kuijaza nafasi, na mvuke ukipoa huko juu hugeuka mawingu ya mafungu yenye tumbo bapa. Mlima hauhitajiki. Wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, mafungu hayo husukumwa kusini-magharibi. Kusi, upepo utokao kusini, huyapeleka upande wa kaskazini. Kwa picha za droni, rusha saa moja hadi saa tatu asubuhi. Ila masika usitegemee hesabu hii: wingu la mvua huja limetanda, na bahari nayo hufunikwa.